Viti vya Siku ya Polka

Shule niliiachia darasa la tano, na sioni haya kusema, maana wale waliosoma mpaka mwisho nimewauzia vitanda. Leo nina duka mtaa wa Linden, hapa Columbus, Marekani, lenye milango miwili. Nina lori lenye jina la duka ubavuni, herufi nyekundu unazisoma ukiwa ng'ambo ya barabara kuu. Nina nyumba Gahanna, ndege zinapita juu ya paa zikienda kutua; mke wangu anasema kelele zake zinamsumbua, mimi nasema ndiyo sauti ya mtaa mzuri. Zunguka Columbus yote, ingia kwa Wakongomani, wa Uvira, wa Bukavu, wa milimani, uliza: kochi hili mlitoa wapi? Watakutajia mtu mmoja tu.

Nayasema mapema ili ujue ni nani anayesimulia. Kuna watu kanisani wanaopenda kusimulia kisa changu cha viti, wanacheka mpaka wanashika mbavu. Wanakisimulia vibaya. Bon, nikisimulie mwenyewe.

Mali yangu yote imetoka ukingoni mwa barabara. Tulipofika Louisville kutoka kambi ya wakimbizi, tulipewa nyumba yenye magodoro na meza ya kulia, lakini sebuleni hapakuwa na kitu. Tulikaa chini. Jirani yetu Mrundi, aliyetutangulia miaka miwili, aliniita pembeni akanifundisha somo ambalo hakuna mwalimu aliyewahi kunipa.

"Ndugu yangu, kitu ukikikuta ukingoni mwa barabara, mbele ya nyumba ya mtu, hicho si cha mtu tena. Kimetupwa. Chukua."

"Na polisi?"

"Polisi atapita akupungie mkono."

Jumamosi hiyo hiyo nilikuta kochi la rangi ya kijani, zima kabisa, limekosa mguu mmoja tu. Gari sina. Mke wangu akakamata nyuma, mimi mbele, tukalipandisha kichwani, tukashika njia. Magari yanapiga honi. Binti yetu alikuwa na miaka sita, alijitwika mto wa kochi akatangulia mbele yetu kama askari, anapaza sauti: "Pisheni! Kochi ya papa iko inapita!" Sijawahi kuona mtoto aliyejivunia baba yake namna ile. Nilikata gongo nikaliwekea kochi mguu, na nililala juu yake usingizi wa mchana ambao sijaupata tena.

Wengine waliona takataka. Mimi niliona kazi. Mchana nilikuwa ghalani napakia maboksi, jioni nazunguka mitaa. Nilijifunza kupitisha ukucha kwenye mshono wa godoro kutafuta kunguni. Nilijifunza kugonga mbao kwa kifundo cha kidole na kujua kama ni mti wa kweli au ni unga wa mbao uliobandikwa karatasi. Nilijua mtaa upi wanatupa Jumatatu na upi Alhamisi. Familia mpya ikishuka uwanja wa ndege, kabla hawajavua makoti nishawaletea kabati.

Shemeji zangu walipotuita Buffalo, tukahamia huko, kufanya kazi kiwandani. Buffalo ndiko nilikokuwa fundi. North Buffalo watu wanahama mwisho wa mwezi, wanaacha nje meza, taa, viti vya kusomea, hata theluji ikianguka juu yake. Nilikuwa nakung'uta theluji naona mali. Binti yangu alikuwa na miaka kumi na miwili. Nilimletea kiti cha kusomea, kizuri, cha magurudumu. Wiki moja baadaye akaja rafiki yake wa darasani kufanya naye masomo. Yule mtoto akakiangalia kile kiti, akakipindua, akaonyesha vibandiko vya vipepeo chini yake.

"Hiki kilikuwa changu," akasema. "Mimi ndiye niliyevibandika."

Hakusema kwa ubaya. Alifurahi, kama mtu aliyekutana na mbwa wake wa zamani. Lakini alipoondoka, binti yangu alikibeba kiti kile, akakiweka nje kwenye theluji, na majira yote ya baridi alisomea sakafuni. Mimi nilicheka. Nilikuwa nikipita nasema, "Tazameni, mtoto wa bosi anakaa chini!" Mke wangu alinikanya niache. Sikuacha. Tangu majira yale ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza, na mimi nilidhani ni utoto tu, utapita.

Columbus ndiko nilikofungua duka. Hayo nimeshasema.

Binti alikua, akasomea uuguzi, na hospitalini akakutana na kijana mweupe, mrefu, mpole, wa mji mdogo ulio mwendo wa saa mbili kutoka kwetu. Siku moja kijana akaja Gahanna peke yake, ameshika maua, akatuambia mimi na mke wangu kwamba yeye na binti yetu wamekubaliana kuoana.

Wamekubaliana! Na mimi nilikuwa wapi?

Kwetu mtoto haondoki kwa makubaliano ya watu wawili. Wazazi wa kijana wanakuja na watu wao. Wanapewa viti, wanapewa soda, wanazungukazunguka maneno, mara mvua, mara safari ilikuwa ndefu, mpaka mmoja anasimama anasema: tumeona ua katika uwanja huu, tumekuja kuliomba. Na baba wa msichana anajifanya hajui ua gani. Ng'ombe ningewasamehe, kijana wa Kimarekani atawatoa wapi ng'ombe? Nilitaka kitu kimoja tu. Watu wale waje wakae nyumbani kwangu, waniombe mtoto kwa mdomo wao. Mimi niliyeingia nchi hii na mfuko mmoja wa plastiki, waje waone zulia langu, waseme tafadhali.

Nilinunua viti vinane vya ngozi kwa ajili ya siku hiyo. Dukani, vipya, vya kwanza vipya maishani mwangu. Nikavipanga sebuleni na plastiki yake.

Binti alipoviona akauliza ni vya nani. Nilipomweleza, akanijibu kwa Kiingereza chake cha haraka kwamba wale hawana desturi hiyo, nisiwaambie, nitawatia wasiwasi.

"Wasiwasi wa nini? Wa kukaa?"

"Papa, tafadhali."

Sikuahidi kitu. Na muda si mrefu mama wa kijana akatualika. Watu wa mji wao mababu zao walitoka nchi ya Wacheki, vizazi vinne vilivyopita, na kila kiangazi wanafanya gwaride, kule kwetu tungesema defile: matrela yaliyopambwa, nguo za kwao za zamani, na muziki wa polka kutwa nzima. Binti yangu angekuwemo, juu ya trela, amevalishwa nguo zao. Nikasema moyoni, hapo hapo. Baada ya ngoma, tumekaa, tumekula, nitamgeukia yule mama nimwambie: dada, sasa ni zamu yenu kuja kwangu.

Gwaride lilikuwa Jumamosi. Ijumaa mchana nilikuwa napeleka meza na vitanda kwa familia ya kwetu iliyopata kazi kiwanda cha kuku, mbele kidogo ya mji ule. Niliongozana na mwenzangu wa kanisani, mzee wa baraza la kanisa, ndiye hunisaidia kupakia. Tukirudi, lori tupu, nikasema tupitie mjini nione nyumba za wakwe zangu zikoje.

Tukaingia barabara yao kubwa. Nikakanyaga breki.

Viti. Upande huu viti, upande ule viti, ukingoni kabisa mwa barabara, toka kanisa mpaka kituo cha zimamoto. Vya mbao, vya chuma, vya kukunja, vya kubembea. Vingine vimefungwa pamoja kwa kamba, vingine vimefunikwa blanketi. Na mtu hata mmoja hajakaa.

"Bos," mwenzangu akasema, "viti yote hii ni ya nani?"

"Ni ya nani? Iko wapi?"

"Iko kwa ukingo."

"Basi umejijibu."

"Lakini mji muzima batupe viti siku moja?"

Nikamcheka. Nikamkumbusha gavana alipokuwa anakuja kwetu kukagua: siku moja kabla yake watu walifagia barabara, wakaondoa kila kilichochakaa, hata mabanda ya mama wauza samaki yalibomolewa. Hawa kesho wana sikukuu. Wanasafisha nyumba. Na zile kamba? Watu wastaarabu, wamefunga ili mchukuaji asipate shida.

"Weye ulisoma mpaka seminari," nikamwambia, "lakini macho ya kazi hukupewa. Shuka tupakie."

Elewa kitu kimoja. Kwetu siku ya defile, viti viko sehemu moja: kwenye jukwaa, chini ya turubai, na vina majina ya wakubwa. Sisi wengine tulisimama juani toka asubuhi. Nimesimama hivyo utoto wangu wote, mpaka miguu inavimba. Ningejuaje kwamba kuna nchi ambayo mtu wa kawaida, fundi bomba, bibi wa jirani, anaweka kiti chake barabarani siku moja kabla, anakwenda kulala, na asubuhi anakikuta?

Hatukujificha. Tulikuwa na vizibao vyetu vya kazi vya rangi ya chungwa, lori limewasha taa. Mzee mmoja alikuwa kibarazani kwake anatutazama. Akainua mkono, akatupongeza kwa kazi nzuri. Nikamwinulia na mimi. Nilichagua vizuri tu. Plastiki iliyopasuka niliiacha palepale. Tulimaliza upande mmoja kuanzia kanisani hadi kwenye duka la dawa, lori likajaa.

Cha mwisho kilikuwa kiti cha mbao, kizito, cha mgongo ulionyooka, na katikati ya mgongo wamekata tundu la umbo la moyo. Nilikigonga. Mti wa kweli, wa zamani, hauna nafasi ya sindano kwenye viungio. Kilikuwa kimepakwa rangi, maua mekundu na ya buluu, ndege wawili, lakini rangi imepasukapasuka, inabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua. Nikajua hapo hapo nitakifanyia nini. Binti alishatuambia kwamba bibi mzaa baba wa yule kijana anapenda vitu vya zamani. Mtu haendi kwa wakwe mikono mitupu.

Tulifika Linden jua bado liko juu. Vile vingine nikaviacha ndani ya lori. Hiki nikakishusha, nikakimwagia dawa ya kutoa rangi, nikakwangua, nikapiga msasa, wa kukwaruza kwanza, halafu wa laini. Mke wangu aliniletea chakula akasimama pale.

"Maua yalikuwa mazuri," akasema.

"Yalikuwa yamechoka. Ona mbao ilivyolala chini yake, kama hariri."

"Mimi ningeacha hata moja."

"Mama, kazi hii unanifundisha mimi?"

Nikapaka vanishi mara mbili. Kiling'aa kama kinara cha kanisa. Kwa kazi ya mikono yangu, katika miaka yote, sijatoa kiti kizuri kuliko kile. Nalisema hata leo.

Jumamosi nilivaa suti ya kijivu. Mke wangu kitenge, kilemba juu. Alitaka twende na gari dogo. Nikakataa, nilitaka wakwe waone lori na jina ubavuni. Kiti nikakifunga kwa shuka jeupe, nikakiweka nyuma kabisa, karibu na mlango, mbele ya vile vya jana.

Tulipofika, mji mzima ulikuwa nje. Trela zinapangwa kule mbali, unasikia akodiani zinajaribiwa. Wamama wameweka mezani vimkate vya mviringo vyenye jamu katikati, soseji zinanukia. Lakini ule upande wa barabara kuanzia kanisani hadi duka la dawa, watu walikuwa wamesimama. Wazee wanaegemea fimbo. Mama mjamzito amekaa juu ya boksi. Wote wanaongea kwa pamoja. Upande wa pili wamekaa raha mustarehe.

Mama wa kijana alitukimbilia, akatukumbatia. Pembeni yake bibi, kikongwe mdogo, nywele nyeupe zimesukwa zikazungushwa kichwani, ameshikwa mkono na mjukuu wake, yaani kijana wetu. Nikauliza mbona hamjakaa.

Mama akasema wamepatwa na jambo la ajabu. Kila mwaka wanaweka viti siku moja kabla, kila familia mahali pake. Tangu yeye yuko mtoto hakijawahi kupotea hata kimoja. Mwaka huu mtu amepita akavibeba.

Sasa wewe unayesoma umeshajua. Mke wangu naye alijua. Nilihisi vidole vyake vinanishika mkono wa koti. Mimi sikujua. Wallahi sikujua. Kichwa changu kilisikia neno moja tu: viti. Watu hawana viti, na nani ana viti? Nilimwona Mungu mwenyewe ameniandalia meza mbele ya wakwe zangu.

"Dada," nikamwambia, kwa Kiingereza changu, kwa sauti ya kusikika na wote, "acha kusikitika. Mimi ndiye mtu wa viti. Nina lori zima. Leo hakuna atakayesimama."

Watu wakapiga makofi. Naapa walipiga makofi. Nikarudi kwenye lori kifua mbele, mke wangu ananivuta koti, "Baba, ngoja, ngoja kwanza," namwondoa mkono. Nikafungua milango yote miwili kwa pamoja, kama pazia.

Makofi yakafa.

Mtoto mmoja akasema, "Kile cha babu." Nilisimama nimeshika milango, naangalia nyuso, naangalia viti, naangalia nyuso. Hapo ndipo nilipofahamu. Yule mzee wa kibarazani alikuwa amesimama mbele kabisa, na mdomo wazi.

Kwa kuwa mikono haikujua la kufanya, ilifanya ilichopanga kufanya. Nikashusha zawadi, nikavua shuka, nikaiweka mbele ya bibi.

Alikitazama kama mtu anayetazama uso ambao amesahau jina lake. Akapitisha kidole ndani ya lile tundu la moyo, polepole, ukingo wote. Halafu akamwomba mjukuu akipindue. Chini ya kikalio sikuwa nimepiga msasa, nani anapiga msasa chini? Palikuwa na herufi zimechorwa kwa kisu. Bibi akazigusa. Akasema maneno mawili matatu ambayo hayakuwa Kiingereza. Kijana akainama, akaniambia kwa upole, kwamba kiti kilitengenezwa na baba wa baba yake bibi, na maua yale aliyapaka mama yake.

Wangenitukana ningepona. Yule mzee angenipiga ngumi ningemrudishia, tungemaliza. Badala yake mama wa kijana akacheka, kicheko kirefu chenye kutetemeka, akawageukia watu akasema huyu baba amewaza mbele, amevihifadhi viti vyetu visinyeshewe. Mbingu ilikuwa kavu wiki nzima! Na wote wakakubali. Wakaupokea ule uongo mmoja mmoja, wakaja nyuma ya lori, kila mtu ananyoosha kidole kwenye chake, na mimi nampa.

"Asante, bwana."

"Asante sana, bwana."

"Kile cha buluu. Asante."

Nilikuwa juu ya lori na suti yangu ya kijivu, natoka jasho, nashusha viti kama siku ya kwanza ghalani. Na muziki ukaanza. Trela ya kwanza ikapinda kona ya kanisa ikivutwa na trekta, wazee watano wanapiga akodiani na tarumbeta kubwa ile inayojikunja kama nyoka, um-pa, um-pa. Muziki wa furaha, ule unaokataza mguu kutulia. Trela ya pili ilikuwa ya wasichana. Binti yangu alikuwa kati yao: sketi nyekundu, aproni iliyotariziwa, riboni kichwani zinapepea. Kwa uzuri wake nilitaka kupaza sauti, "Huyo ni wangu!"

Aliangalia kwetu. Alimwona bibi amekaa kwenye kiti kisicho na maua. Aliona foleni nyuma ya lori. Aliniona mimi na kiti cha kubembea mikononi. Hakuhitaji mtu wa kumweleza; yeye ndiye aliyetangulia na mto kichwani. Akageuka upande wa pili wa barabara, akaanza kuwapungia wale waliokaa, akawapungia mpaka trela ilipopotea.

Baadaye alinikuta nimekaa ndani ya lori. Alikuwa bado na zile nguo. Alisimama kwenye mlango wa dereva na nilijiandaa kwa Kiingereza.

"Mpaka na huku, papa?" akasema.

Kiswahili. Cha Uvira, safi, kama hajakiacha hata siku moja. Miaka kumi na zaidi nilikingojea. Nikafungua mdomo kumweleza habari ya gavana na kufagia barabara, akawa ameshaondoka.

Ile siku sikumwambia mama wa kijana neno langu. Mdomo ulioshiba asante za namna ile unasemaje, njooni kwangu mniombe? Nikala soseji. Nikasema ni tamu. Tulirudi Gahanna na lori tupu, mke wangu anaangalia dirishani, na huko nyumbani viti vinane vimejipanga na plastiki yake.

Nilingoja. Nilijiambia watakuja wenyewe, kijana atakuwa ameuliza. Hawakuja. Harusi ikafanyika masika, kule kule kwao, kwenye ukumbi wa zimamoto, polka hadi jioni. Nilicheza vizuri, muulize yeyote. Katikati ya kucheza mama wa kijana akanivuta pembeni, amechangamka, ananiambia jinsi alivyosikitika kwamba hawakupata nafasi ya kuja kwangu. Kuja kwangu? Ndiyo, akasema. Baada ya gwaride, mama mkwe wake, yule bibi, ndiye aliyesema: yule mtu ameona aibu, twendeni kwake tukakae naye. Kijana alikuwa amesoma mahali kwamba kwetu ndivyo inavyofanywa. Bibi alifundishwa hata kusema hamjambo. Walikuwa wamepanga Jumapili.

"Lakini binti yako akatuambia tusijisumbue," akasema. "Alisema mambo hayo baba yake aliyaacha Afrika."

Nikamwambia ni kweli. Nikamwambia niliyaacha. Tukarudi kucheza.

Sijamuuliza binti. Nikimuuliza atanijibu, na najua atanijibu kwa lugha gani.

Mwaka huu tulialikwa tena gwaride. Nilikwenda na gari dogo. Viti vilikuwa mahali pake, kila familia na vyake. Bibi alikuwa kwenye kiti chake cha tundu la moyo, na kiti kimerudi kuwa na maua. Mekundu, ya buluu, na ndege wawili. Nilikaribia, nikainama kama fundi. Rangi mpya, mkono mpya. Petali za upande wa kushoto zimetetemeka kidogo, mpakaji bado anajifunza. Nani kaifanya, nikauliza. Bibi akacheka, akamwonyesha binti yangu kwa kidole. Majira yote ya baridi alikuwa anakuja Jumapili, bibi anamwelekeza, yeye anapaka. Na maneno ya Kicheki anayajua sasa, bibi akasema, mengi kuliko wajukuu zake.

Juu ya vanishi yangu. Hakuikwangua hata.

Mama wa kijana akaniletea kiti cha kukunja, kipya, amekiandika jina langu kwa nyuma, akakiweka kwenye safu yao. Kaa baba, akasema, hiki ni chako, tulikiweka tangu jana. Nilimshukuru. Akodiani zilishapinda kona. Mke wangu alikaa cha kwake, kila mtu alikaa, binti yangu alikaa chini karibu na miguu ya bibi, mkono wake kwenye mguu wa kiti.

Mimi nilisimama. Miguu yangu imezoea. Nilisimama nyuma yao mpaka trela ya mwisho ikapita.